Jinsi Mulamwa Alivyoninyima Mbingu ya Kijani

Msichana aliyekuwa akinitafsiria alinyamaza. Tangu tuanze hakuwa amekwama hata mara moja. Nilikuwa nasema kwa Kiswahili, yeye anamwambia mzungu wa ubalozi kwa Kiingereza, mambo yanaenda. Nilipofika pale akaacha, akaniangalia vile mtu humwangalia mama yake akivuka barabara ya Malaba bila kutazama trela.

"Mama," akasema polepole, "una hakika unataka nimwambie hivyo?"

"Mwambie vyote," nikasema. "Sina cha kuficha."

Akageuka kwa yule mzungu aliyekaa nyuma ya kioo, akamwambia. Kiingereza changu kiliishia darasa la sita, lakini neno Uganda nililisikia, na neno la choo nikalisikia pia.

Nilichokuwa nimesema ni hiki. Kwamba mimi huvuka mpaka kwenda Uganda kila siku ya soko, tangu nikiwa msichana, bila pasipoti, bila muhuri, bila kumsumbua ofisa yeyote, kwa njia inayopita nyuma ya choo cha baa moja pale Busia, na kwamba sijawahi kulala huko hata siku moja. Nilikuwa nimelisema kwa fahari. Hata mgongo niliunyoosha.

Mzungu akauliza swali. Msichana akanitafsiria bila kuniangalia machoni. Anauliza, nikifika kwao, nikiona mpaka wa nchi ya jirani, nitauvuka vilevile?

Nikacheka. Nikajibu kwamba itategemea bei ya vitu upande ule.

Yule mzungu hakucheka. Alianza kuandika, na aliandika muda mrefu kuliko alivyokuwa ameandika juu ya maisha yangu yote kabla ya hapo. Hapo ndipo moyo uliponishuka. Nilijua kwamba safari yangu ya kwenda kuona mbingu ikiwaka imefia pale kwenye kioo, na mwuaji wake si huyu mzungu. Mwuaji alikuwa nje, amekaa kwenye ukuta wa bustani ya maua, amevaa miwani ya jua, ananingoja nitoke tukasherehekee.

Huyo wa miwani ameoa mdogo wangu. Ni ajenti wa mizigo pale Malaba, wale wanaoshughulikia karatasi za trela ili zipite forodhani. Kwa lugha yetu mtu kama huyo ni mulamwa wangu, shemeji, na kwa desturi ya kwetu mtu na mulamwa wake wana ruhusa ya kutaniana mpaka watu wazibe masikio. Miaka yote tumetaniana. Nimemwita tumbo la serikali, ameniita gauni la mitumba. Lakini hili ninaloandika hapa si utani, na nataka alisome akiwa amevua hiyo miwani.

Nianze sasa mwanzo.

Mimi nauza makoti. Mtu akisikia hivyo anacheka, maana Busia ni mahali ambapo saa nane mchana hata mbwa anatafuta kivuli cha mtu mnene. Lakini koti la baridi lina wateja wake. Kuna madereva wanaopanda mlima wa Timboroa usiku, kuna walinzi, na kuna Waganda wanaoyapeleka Kabale, ambako nasikia asubuhi watu wanatoa moshi mdomoni. Hao Waganda ndio wateja wazuri. Wananiita nyabo, yaani bibi, wananisalimia hadi nasahau bei niliyotaka. Na sikuichagua biashara hii. Niliingizwa na mama mmoja tajiri wa marobota ya mitumba, ambaye bado ana duka kubwa karibu na stendi, aliyeniapia kwa jina la Mungu kwamba robota langu la kwanza lina magauni ya watoto. Nilipolikata likatoa makoti ya manyoya, mazito kama kondoo. Nililia, kisha nikayatundika. Bado hajaniomba msamaha, ingawa kanisani tunapeana mkono wa amani.

Kabla ya makoti nilikuwa mkulima, nimeolewa upande wa Rukala, kwenye ile tambarare ya mto Nzoia. Watu wa huko wanajua habari za maji, sina haja ya kurefusha. Tuta la kuzuia mto lilivunjika. Mkandarasi alikuwa amelijenga kwa mchanga na hotuba. Mto ukaingia nyumbani bila kubisha hodi, ukachukua mahindi, ukachukua mbuzi, ukachukua hata mlango. Mimi na mtoto wangu wa pekee tulikaa juu ya paa la shule mpaka mashua ikaja. Mume wangu hakuchukuliwa na maji, watu wasije wakanipa pole ya bure. Alichukuliwa na mwanamke wa ng'ambo baadaye, kukiwa kukavu kabisa.

Nasema haya ili mtu aelewe kwa nini mwanamke wa umri wangu, mwenye magoti yanayolia akiinama, alitaka kwenda mwisho wa dunia kuangalia taa. Maisha yangu yote, kitu kikubwa kikija, kinakuja kuchukua. Mto umechukua. Ugonjwa ulikuja, ukachukua mama yangu. Polisi wa soko wakija kwa wingi, wanachukua. Sijawahi kuona kitu kikubwa kikitokea mbele yangu halafu kikaenda zake bila kubeba chochote cha kwangu.

Sasa yule mtoto wa kwenye paa alisoma. Hapo sitaki kujisifu, lakini nitajisifu kidogo. Alikwenda kusomea kazi ya kuhudumia wagonjwa katika nchi moja ya baridi, huko juu kabisa ya ramani. Jina la nchi silitaji, maana bado naitaka viza yao. Alipomaliza akapata kazi ya kutunza wazee, katika mji ambao hata jina lake anapolisema ni kama mtu ana kiazi cha moto mdomoni.

Siku moja akanitumia video. Nilikuwa kibandani na jirani yangu, mama anayeuza viatu vya mitumba, mtu ambaye maneno yake huwahi kufika kuliko yeye mwenyewe. Tukaifungua simu pamoja. Kulikuwa na giza, theluji chini, halafu juu yake mbingu nzima ilikuwa ya kijani na inatembea. Sina namna nyingine ya kusema. Ilitembea kama kitenge kilichoanikwa kwenye kamba upepo ukikishika, kinajaa, kinalegea, kinajikunja pindo, na pindo lenyewe ni la zambarau. Na hakukuwa na sauti yoyote isipokuwa mwanangu akipumua na kusema, "Mama, unaona? Mama, unaona?"

Jirani yangu akauliza, "Hiyo inaunguza nini?"

Tukampigia. Akaeleza kwamba haiunguzi kitu. Jua lina vumbi lake linalolitupa, vumbi hilo likifika hewa ya juu kule kaskazini linawaka, basi. Watu wanatoka nyumbani wanasimama wanatazama, kisha wanarudi ndani kunywa chai. Nikamwuliza, ikishaisha inaacha nini? Akasema haiachi kitu, mama. Nikamwuliza, na huwa inachukua nini? Ananijua. Akasema haichukui kitu pia.

Hapo hapo nikasema nataka kuiona.

Naye akadaka neno. Akasema gharama zote ni juu yake, nauli, malazi, kila kitu, mimi nitafute pasipoti tu na nijibu vizuri nitakapoitwa ubalozini. Akasema ingefaa nije mwezi wa pili, maana usiku wa huko wakati huo ni mrefu na anga huwa safi. Ikifika katikati ya mwaka, akasema, hakuna usiku kabisa. Jua halitui.

Nilirudisha habari hiyo sokoni na ikazua mjadala wa wiki nzima. Sisi wa hapa jua letu ni mtumishi wa serikali, linaripoti saa kumi na mbili na nusu na kutoka saa kumi na mbili na nusu, mwaka mzima, hakuna ruhusa. Jirani yangu wa viatu alikataa katakata kwamba kuna nchi haina usiku. Alitaka kujua huko watoto wanapatikanaje. Muuza omena wa upande wa pili akamjibu kwamba mchana pia watu wana milango. Tukacheka mpaka mteja akaondoka na koti bila kulipa, akarudi mwenyewe kulipa kwa sababu alitaka kujua tunacheka nini.

Basi soko lote likaingia kwenye maandalizi. Jirani yangu akanichagulia buti, akazipanga tatu tofauti, akanikatalia zile nilizozipenda kwa sababu, alisema, buti hizo ni za kwenda matanga. Koti sikuhitaji ushauri. Miaka yote nimekuwa nikiweka kando koti moja la bluu lenye kofia ya manyoya, nimekataa kuliuza hata kwa Mganda aliyenibembeleza akitaja mababu zake. Akina mama wa kanisa walikuja kuuliza kama hizo taa zinaabudiwa. Nikawaambia haziabudiwi, zinaangaliwa. Wakasema basi tutakuombea, ila usipige magoti zikitokea.

Tatizo lilikuwa baridi. Mwanangu alisema huko ukitoka nje nywele za puani zinaganda. Mdogo wangu akaogopa, akasema nitarudishwa kwa sanduku. Ndipo mulamwa alipoingia kwenye habari hii, na siwezi kukana, aliingia vizuri.

Alikuja na wazo lake. Pale Busia kuna trela za baridi zinazotoka Uganda na minofu ya samaki, zinakaa kwenye foleni na injini ya barafu inanguruma siku nzima. Yeye anawajua madereva wote. Akaongea na mmoja, mtu wa Sigalame, mpole, mwenye kitambi kama cha mtu anayeheshimiwa. Wakakubaliana kwamba shehena ikikaguliwa na mlango ukiwa wazi kwa ruhusa, nami nitaingia nijaribu.

Nilifika mchana, jua linayeyusha lami, nimevaa koti la bluu, kofia ya manyoya, buti, glavu, na skafu iliyozungushwa mpaka machoni. Njia nzima boda boda walisimama kuniangalia. Mmoja akauliza kama mama anakwenda kurina asali. Jirani yangu wa viatu alitembea nyuma yangu akiwajibu, "Mwacheni, anasafiri." Nilikuwa natiririka jasho ndani ya manyoya kama sufuria ya githeri.

Dereva akanipandisha. Akasema, "Mama, ukisikia vidole vimekuaga, gonga."

Nikakaa juu ya kreti katikati ya samaki, wakasukuma mlango ukabaki na upenyo. Kwanza nilisikia raha, maana joto la nje lilikuwa limenichosha. Halafu jasho likapoa. Halafu pua ikaondoka. Nilihesabu samaki, nikaimba wimbo wa ibada ya Jumapili, nikafikiria mwanangu anatembea hivi kila asubuhi kwenda kumwogesha mzee asiye wa kwao. Nje nilisikia jirani yangu akimwuliza dereva kama mtu anaweza kuganda akiwa anaimba. Nilipotoka watu walikuwa wamejaa, na wakapiga makofi kama nimetoka hospitali. Mulamwa akanishika mkono kunishusha, akatangaza kwamba mzigo umepita ukaguzi.

Watu walicheka, nami nilicheka. Sikujua kwamba kutoka siku ile, kichwani mwake, mimi nilikuwa mzigo kweli.

Pasipoti ilitoka. Siku ya kuitwa Nairobi ikakaribia, na mwanangu akasema kwa simu niwe mkweli, nijibu ninachoulizwa na nisiongeze. Hilo alilisema wazi. Nisiongeze. Lakini mulamwa akasema mtoto anajua baridi, hajui mipaka. Mipaka ni kazi yake yeye. Akaniita ofisini kwake Malaba, ile kontena ya bati yenye feni moja, akakaa nyuma ya meza akawa mzungu, mimi nikasimama mbele yake.

Mdogo wangu alikuwa pale anamenya viazi. Yeye ni shahidi.

Mulamwa akaniambia kwamba katika kazi yake amejifunza jambo moja. Trela inayokamatwa ni ile iliyoficha. Ukiwa na katoni moja ambayo hujaisema, watashusha zote. Lakini ukitangaza kila kitu mwenyewe, kabla hujaulizwa, ofisa anachoka, anapiga muhuri, anakwambia nenda. "Kwa hiyo wewe tangaza," akasema. "Usingoje waulize. Mwaga vyote mezani."

Nikamwuliza ni vyote vipi.

Akasema kitu wanachokiogopa ni mtu kwenda kwao asirudi. Hicho tu. Kwa hiyo lazima niwaonyeshe kwamba mimi ni mtu wa kurudi. Akanitazama, akavua miwani, akaona kama ameokota dhahabu. "Si wewe unavuka kwenda Uganda kila siku ya soko?"

Nikasema ndiyo.

"Na unarudi?"

"Si niko hapa?"

"Waambie hivyo. Mwambie umevuka maisha yako yote na umerudi maisha yako yote. Nani mwingine kwenye ile foleni atakuwa na ushahidi kama huo?"

Mdogo wangu akasema kutoka kwenye viazi, "Baba watoto, lakini yeye anapitia nyuma ya baa."

Mulamwa akamwambia amwache mtu wa kazi afanye kazi. Tukafanya mazoezi. Nilisema maneno yangu mara nyingi, mpaka yakatoka bila kukwama, na kila nilipofika mahali pa kuvuka na kurudi yeye aligonga meza na ngumi kama muhuri. Nilikuwa na furaha siku ile. Niliporudi Busia jioni niliona kila kitu kimekwisha, imebaki ndege tu.

Sasa mtu wa mbali ataniuliza, wewe mama, hukujua kwamba kuvuka bila muhuri ni kosa? Huyo mtu hajakaa Busia. Kwetu upande wa pili si ng'ambo kama ng'ambo ya watu wengine. Shangazi yangu ameolewa kule, anachota maji huku. Ndizi ninazokula zinatoka kule, unga wanaoupika wao unatoka huku. Kuna nyumba ambayo baba analala Kenya na jiko liko Uganda. Nikitaka kupeleka koti kwa mteja aliye umbali wa kurusha jiwe, nipande mpaka kwenye lango kubwa, nipange foleni na matrela? Hata askari wenyewe huniambia, "Mama makoti, pita huko usitujazie foleni." Mipaka ya kweli, kwa akili yetu, ni ile yenye bahari au ndege. Hii ya kwetu ni ua wa jirani. Na mulamwa anajua yote hayo, kwa sababu naye viatu vyake vina tope la njia hiyo hiyo.

Ndivyo nilivyofika kwenye kioo. Mzungu aliuliza kwanza mambo madogo: kazi yangu, mtoto wangu, nitakaa wapi. Nilijibu vizuri. Akauliza kama nimewahi kusafiri nje ya nchi. Ningesema hapana, mambo yangekwisha. Ningesema ndiyo kidogo, yangekwisha pia. Lakini masikioni nilisikia ngumi ya mulamwa ikigonga meza, nikamwaga vyote mezani kama nilivyofundishwa, na zaidi, maana mtu akishaanza kutangaza anapata utamu. Choo nilikiongeza mwenyewe, ili ajue nasema kweli.

Jibu lilikuja baada ya siku chache. Mwanangu ndiye aliyenisomea kwa simu. Walisema hawajaridhika kwamba mwombaji anaheshimu taratibu za mipaka. Kisha nikasikia sauti kama mtu anakohoa, kumbe anacheka. Alicheka mpaka akashindwa kusema. Nami nikacheka, kibandani, peke yangu, jirani wa viatu akiniangalia. Halafu kicheko chake kikageuka, na nikajua kimegeuka, kwa sababu nilimbeba kwenye paa la shule na najua sauti yake ikigeuka.

Akasema alikuwa amepanga likizo. Alikuwa amewaambia wazee wake wote kwamba mama yake anakuja, na bibi mmoja wa huko alikuwa ameanza kunifumia soksi. Akasema tunaweza kuomba tena, tueleze, watu huomba tena. Lakini msimu wa giza unakwisha, mama. Ikifika mwezi wa nne usiku unaanza kuyeyuka. Mpaka mwezi wa tisa tena.

Kinachonichoma si kukataliwa. Nimezoea kukataliwa, nauza makoti Busia. Kinachonichoma ni kwamba pale pale mpakani kuna watu wanaopitisha malori mazima ya sukari gizani, kila mtu anawajua, na watu hao wanapanda ndege kwenda Dubai kubadilisha hewa, pasipoti zao zimejaa mihuri kama mgonjwa wa surua. Hakuna aliyewauliza wanapita nyuma ya choo cha nani. Mimi niliyevuka na koti moja begani ndiye niliyeonekana hatari kwa nchi yenye theluji.

Jumapili iliyofuata mulamwa akachinja kuku nyumbani kwake Bukhayo, akaniita. Kwetu aliyekukosea akichinja kuku kwa ajili yako anajua anachokifanya, anaomba yaishe. Nilikwenda, kuku nikamla, sikumwacha, hata shingo. Mdogo wangu alikuwa amempika kwa siku nzima. Tulipomaliza kunawa, mulamwa akaanza kuniita gauni la mitumba, akitaka turudi kwenye utani wetu. Nikamwambia leo hakuna utani. Nikamwuliza, mbele ya mke wake, ajibu kwa nini alinifundisha vile.

Akapangusa mdomo. Akasema, "Mulamwa, mimi nilikwambia utangaze mzigo. Sikukwambia utangaze njia."

Mdogo wangu alicheka, nami nilicheka kwa bahati mbaya, kwa sababu lilikuwa neno zuri. Lakini kucheka si kusamehe. Nilimwuliza tena. Akasema ofisa alikuwa na roho mbaya. Nikamwambia ofisa alifanya kazi yake, aliuliza na akajibiwa. Akasema mtafsiri angepunguza. Nikamwambia yule msichana alijaribu, aliniuliza kama nina hakika, na mimi nikawa na hakika, kwa sababu nilikuwa nimepewa hakika hiyo hapo Malaba kwenye kontena. Akasema basi yaishe, atanitafutia kuku mwingine. Akatoka nje, akajifanya anaongea na simu.

Kwa hiyo naandika. Yule mama wa marobota atajibu siku yake. Mkandarasi wa tuta atajibu, kama si hapa ni kwingine, na hesabu ya mbuzi wangu na mlango wangu Mungu anayo. Hao wote nimewangoja miaka, na ninaendelea na biashara. Lakini mulamwa sitamngoja, kwa sababu ninajua anapokaa, ninajua anapokunywa chai, na mwezi wa tisa hauko mbali. Giza litarudi kule, na mwanangu atatoka nje kuangalia juu, na pembeni yake kutakuwa na nafasi ya mtu.

Mwanangu ameshaanza kupanga maombi mapya. Wanataka maelezo ya yale niliyosema. Si mimi nitakayeyatoa. Wewe, mulamwa, uliyenifunga kama shehena, uliyegonga meza na ngumi ukisema umepita, utapanda nami mpaka Nairobi, utasimama pale kwenye kioo bila miwani, na utamweleza yule mzungu kwa mdomo wako ni nani aliyenituma kusema vile, na kwa nini. Mdogo wangu yuko tayari kuja kushuhudia. Nataka jibu lako, ndiyo au hapana, na usinitumie kwa mtu. Njoo uniambie kibandani, mchana, soko likiwa limejaa.